Nimelipa kila kitu, mbona nasimamishwa mlangoni kama mwizi?

Shikamoo Shangazi,

Naandika nikiwa na uchungu, unisamehe nikirefusha.

Kuna supamaketi ambayo nimenunua vitu vyangu kwa miaka minne sasa. Tangu waweke mlinzi wa kukagua risiti mlangoni nimesimamishwa mara tatu. Mara mbili za kwanza nilitoa risiti, akaitazama, akaipiga mstari kwa kalamu, nikapita. Sikuona shida. Ni mara ya tatu ndiyo imeninyima usingizi.

Siku hiyo nilikuwa na binti yangu wa miaka tisa. Alikuwa amedunduliza vihela vyake kwa muda mrefu ili anunue boksi la kalamu za rangi, lile la kalamu 24. Tukalilipia pamoja na vitu vyangu, akaniomba alibebe mwenyewe. Kufika mlangoni, mlinzi akaomba risiti. Nilikuwa nimeitumbukiza kwenye mfuko wa sabuni, nikainama kuitafuta. Wakati naitafuta, wanaume wawili wakapita na toroli limejaa mpaka juu. Hakuwauliza neno. Hapo ndipo moto uliponiwaka.

Nilipompa risiti aliisoma, kisha akalichomoa boksi mkononi mwa mtoto, akaliinua juu na kusema kwa sauti, "Na hili limelipiwa wapi?" Hakuliona kwenye risiti kwa sababu mashine imeandika "KLM RNG 24". Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema haielewi, nisubiri amwite msimamizi. Nikamwambia sisubiri, nimeshalipa, naenda zangu. Akaweka mguu mbele ya gurudumu la toroli.

Shangazi, nilimtolea neno. Nilimwita mbwa wa mlangoni, mbele ya watu, mbele ya mwanangu. Mimi si mtu wa matusi. Msimamizi alikuja baada ya kama dakika ishirini, akaitupia risiti jicho mara moja, akasema, "Mama, unaweza kwenda." Basi. Hata pole hakutoa.

Mume wangu anasema nimejitakia, ningesubiri kwa utulivu yaishe. Funika kombe mwanaharamu apite, na asiye na hatia haogopi kukaguliwa. Kaka yangu anasema nimekuwa mjinga tangu mara ya kwanza, nisimwonyeshe mtu risiti tena, nipite tu, wakinigusa niwashitaki. Wamebishana mpaka hawasalimiani vizuri. Nani yuko sahihi? Nina haki ya kukataa? Na nifanyeje sasa?

Boksi la kalamu halijafunguliwa hadi leo. Liko juu ya kabati. Usiku ule binti yangu aliniuliza, "Mama, kwani tuliiba?" Nikamwambia alale. Sikujua la kumjibu.

Mama Kalamu

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama palepale, kwenye swali la mtoto. Nitalifikia. Kwanza tuwaamue mumeo na kaka yako.

Kila mmoja ameshika nusu ya ukweli, kwa sababu wanabishania mambo mawili kana kwamba ni moja. Kuna kuombwa risiti, na kuna kuzuiwa usiondoke. Mumeo anaona ombi tu. Kaka yako anaona kuzuiwa tu. Wewe yalikupata yote mawili ndani ya dakika chache, na ombi liligeuka kuwa kuzuiwa pale mguu ulipowekwa mbele ya gurudumu.

Hukuniambia unaishi nchi gani, na sheria za jambo hili hazifanani kila mahali. Ukitaka kufika mahakamani utahitaji mwanasheria wa huko huko uliko. Lakini mizizi ya sheria hizi inakaribiana katika nchi nyingi, nami nitakuonyesha ili ujue umesimama wapi.

Anza na hili: kitu kinakuwa chako lini? Mwaka 1953 mahakama ya rufaa ya Uingereza iliamua kesi iliyohusu duka la dawa la Boots, lililokuwa limeanza kuwaacha wateja wajichukulie wenyewe vitu kwenye rafu. Swali lilikuwa, mauziano yanafanyika unapotia kitu kwenye kikapu, au unapofika kwenye malipo? Majaji wakasema ni kwenye malipo. Mpaka hapo kitu ni cha duka, hata kama umekizungusha dukani saa nzima. Ukishakilipia na keshia akapokea, ni chako. Kwa hiyo boksi lile, wakati linachomolewa mkononi mwa binti yako, lilikuwa mali ya binti yako, iliyonunuliwa kwa hela yake. Katika yote uliyoniandikia, hilo ndilo lililonikera zaidi. Kuomba kuona kitu ni jambo moja. Kumnyang'anya mtoto ni jambo jingine kabisa, na hakuna utaratibu wa duka unaolihalalisha.

La pili, mlinzi wa duka si polisi. Sare haimwongezei mamlaka. Katika nchi nyingi uwezo wake wa kumkamata mtu ni ule ule wa raia yeyote aliyeona kosa likitendeka, na raia anayemkamata mwenzake hubeba hatari yake mwenyewe. Uingereza, mwaka 1992, mahakama ya rufaa ilisikiliza kesi ya mtu aliyedaiwa kutia chokoleti mfukoni dukani. Walipomfuata nje kumkamata, akapambana nao. Kwenye shitaka la wizi alionekana hana hatia, lakini akatiwa hatiani kwa kupambana na waliomkamata. Rufaani hatia hiyo ikafutwa, kwa hoja kwamba kama wizi haukuwepo, basi raia wale hawakuwa na haki ya kumkamata tangu mwanzo. Sikusimulii ili upigane na mtu mlangoni, hasha. Nakuonyesha kwamba anayeshika ndiye anayepaswa kuwa na uhakika. Mzigo si wako.

Marekani huwapa wenye maduka nafasi kubwa zaidi. Majimbo mengi yanaruhusu kumzuia mtu anayeshukiwa, ila kwa masharti matatu: iwepo sababu ya msingi ya kumshuku, azuiwe kwa muda wa kadiri, na azuiwe kwa namna ya kadiri. Sheria ya California inaenda mbali kidogo: mtu akikataa kutoa kitu kinachodhaniwa kuibwa, mwenye duka anaweza kupekua mifuko na mkoba alioshika, lakini si nguo alizovaa.

Sasa pima la kwako kwa masharti hayo. Sababu ilikuwa ipi? Watu waliofunzwa vizuri kazi ya kuzuia wizi dukani hufundishwa ngazi za kupitia kabla ya kumsimamisha mtu kwa tuhuma. Uwe umemwona akifika kwenye rafu bila kitu hicho. Umwone akikichukua. Umwone akikificha au akikibeba. Usimpoteze machoni hata kidogo, kwa sababu ndani ya sekunde tano mtu anaweza kukirudisha kwenye rafu. Umwone akipita malipo bila kulipa, ndipo umfuate anapotoka. Ikikosekana ngazi moja, mwache apite. Mlinzi wako hakuwa na hata moja. Alichokuwa nacho ni mstari wa risiti alioshindwa kuusoma. Mashine ya duka ndiyo iliyofupisha jina la bidhaa mpaka likawa fumbo, halafu wewe ndiye ukasimamishwa dakika ishirini ulitegue. Angeweza kulinganisha bei, au kusoma ile namba ya chini ya mistari myeusi kwenye boksi, au kumpungia mkono keshia aliyekuhudumia.

Lakini nisikudanganye kwamba ukaguzi wenyewe ni uonevu. Zamani ulikuwa unasimama mbele ya kaunta, unataja unachotaka, muuzaji anakitoa nyuma yake. Mwaka 1916, katika mji wa Memphis huko Marekani, Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly ambalo mteja alijichukulia mwenyewe kwenye rafu na kulipa wakati wa kutoka. Mtindo huo ukaenea, na macho ya mwenye duka, ambayo zamani yalikuwa kaunta, yakahamia mlangoni. Kila kitu kikiwa wazi mbele ya mkono wa kila mtu, lazima pawe na mahali pa kuhesabu.

Tena anayechunguzwa si mteja peke yake. Ule mstari wa kalamu kwenye risiti yako una kazi. Bila alama, mtu anaweza kununua, akapakia vitu kwenye gari, akarudi ndani na risiti ile ile, akachukua vitu vile vile na kutoka navyo mara ya pili huku ushahidi wa malipo uko mkononi. Wengine huwa na urafiki na keshia, ambaye anapitisha kitu pembeni ya mashine bila kukisoma. Na mara nyingi ni makosa tu: katoni limesahaulika chini ya toroli, au kitu kimoja kimesomwa mara mbili na mteja amelipishwa zaidi. Mkaguzi makini huyakamata hayo pia, na hapo anakuwa amekuokoa wewe.

Ndiyo maana sikubaliani na kaka yako kwamba upite tu bila kujibu. Mteja anayo haki, katika nchi nyingi, ya kusema hapana kwa ombi. Kukataa kuonyesha risiti, peke yake, ni sababu dhaifu sana ya kumshuku mtu. Lakini duka nalo lina haki ya kumwambia asirudi tena, na kibao cha masharti pale kwenye kuingilia huwekwa kwa ajili hiyo. Kwenye maduka ya uanachama kama Costco jambo ni zito zaidi, kwa sababu ukaguzi wa risiti mlangoni umo ndani ya masharti uliyoyakubali ulipochukua kadi. Kibao, hata hivyo, si ruhusa ya kukushika kwa nguvu. Ni mapatano ya kuingia, hayageuzi mlinzi kuwa askari wa serikali.

Na simkubalii mumeo kwamba asiye na hatia haogopi. Wewe hukuogopa, mwanangu. Ulitukanika, ukaona umeteuliwa. Ukaguzi wa kila mtu ni utaratibu. Haumwiti yeyote mwizi. Wanaume wawili wakipita na toroli lililofurika, halafu mama aliyeinama na mtoto wake ndiye anayeulizwa, huo umekuwa uteuzi, na uteuzi unasema kitu mbele ya watu hata kama mlinzi hakufungua mdomo. Kama duka haliwezi kukagua kila mtu kwa sababu ya foleni, likague kila mtu wa tano, au kila toroli lenye kitu kisichokuwa ndani ya mfuko. Kanuni yoyote itafaa, ilimradi haianzi na sura ya mtu, nguo zake, au kuwa na mtoto mkononi. Hilo ndilo lalamiko lako hasa, na ndilo nitakalokusaidia kuliandika.

Ila kabla ya barua kuna lile neno. Umeniambia mwenyewe, hukulificha, na nakuheshimu kwa hilo. Mlinzi yule husimama kwa miguu yake kutwa nzima, kaambiwa akague, pengine hakufundishwa chochote zaidi ya kupiga mstari, na kitu kikipotea yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Alikosea, na alikosea vibaya kwa mtoto. Hata hivyo si mbwa. Ukimwona tena mwambie, "Kaka, siku ile nilikutukana, nisamehe. Ulivyomfanyia binti yangu bado naona haikuwa sawa, lakini tusi lile halikustahili." Sema hivyo hata asipokujibu. Na kama binti yako yupo pembeni, mwache asikie.

Barua mwandikie meneja, usimwandikie mlinzi. Taja siku, saa, namba ya kaunta uliyolipia (huwa imechapwa kwenye risiti), na eleza yaliyotokea kwa mpangilio bila kuyapamba: ulilipa, uliombwa risiti, uliitoa, boksi lilichomolewa mkononi mwa mtoto, mguu uliwekwa mbele ya toroli, ulikaa muda gani, msimamizi alisema nini. Liandike na tusi lako, wasije wakalitoa wao kama karata. Kisha omba mambo matatu. Picha za kamera za siku hiyo zitunzwe, maana mitambo mingi hufuta za zamani ili kupata nafasi ya mpya. Omba leo, usingoje kesho. Wakueleze kwa maandishi wanachagua vipi nani akaguliwe. Na waombe radhi kwa mtoto, kwa jina lake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza unaweza hata kudai nakala ya picha zako mwenyewe, na kwa kawaida wanatakiwa kukujibu ndani ya mwezi mmoja. Nchi nyingine nyingi zimetunga sheria za kulinda taarifa za mtu. Uliza kwenye ofisi inayosimamia huko kwenu, au kwa watetezi wa walaji.

Risiti yenyewe ipige picha sasa hivi, kabla hujamaliza kunisoma. Karatasi nyingi za risiti hazichapwi kwa wino. Zimepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, ndiyo maana ukiikwaruza kwa ukucha inabaki alama. Ukiiacha juani kwenye gari inaharibika, ukiishika na mikono yenye kitakasa mikono maandishi yanafifia, na hata kwenye droo haidumu miaka. Wewe uliitumbukiza kwenye mfuko wa sabuni. Siku nyingine ishike mkononi mpaka uvuke mlango. Siyo kwa sababu unadaiwa, bali inafupisha maneno.

Ukisimamishwa tena, uliza kwa sauti ya kawaida: "Unaniomba, au unanizuia?" Akisema anaomba, amua mwenyewe, mimi ningeonyesha, kama nina nafasi. Akisema anakuzuia, usimsukume wala usikimbie. Muulize ameona nini, umwombe msimamizi, na wakisisitiza kwamba umeiba, waambie wamwite polisi. Usikubali kupelekwa chumba cha ndani peke yako, usisaini karatasi usiyoielewa, na usilipe "faini" ya papo hapo ili uachiwe. Anayetaka vitu hivyo vitatu kwa haraka mara nyingi hana anachoweza kukithibitisha. King'ora cha getini nacho kikilia usishtuke. Huenda keshia alisahau kuizima ile lebo ndogo, au umeingia na kitu cha duka jingine ambacho lebo yake bado iko hai. Mlio unaonyesha kwamba kuna lebo imepita. Hauonyeshi kwamba kuna wizi.

Na ikitokea kweli umekuta kitu ambacho hakikulipiwa, kimejificha chini ya mfuko, rudi ukakilipie bila aibu. Wizi unahitaji nia. Sheria ya wizi ya Uingereza ya mwaka 1968 inasema wazi kwamba lazima kuwe na kukosa uaminifu na kukusudia kumnyima mwenye mali mali yake moja kwa moja. Kusahau hakufikii hapo.

Sasa swali la usiku. Mtoto wa miaka tisa hakukuuliza habari za sheria. Aliona mama yake amesimamishwa, watu wanatazama, kitu chake kimeinuliwa juu, kisha mama akakasirika, na baadaye akaambiwa alale. Kwa akili yake, watu wazima wananyamaza pale ambapo kuna kosa. Kwa hiyo usimwambie tu "hapana, hatukuiba". Mwonyeshe. Lishushe boksi kutoka kabatini, itandaze risiti mezani baada ya kuipiga picha, na mwambie atafute mwenyewe mstari wa kalamu zake. Usimsaidie haraka. Atapita kwenye sabuni, atapita kwenye vile vingine vyote, atafika kwenye "KLM RNG 24" na atakusomea kwa sauti: kalamu, rangi, ishirini na nne. Akishaupata, mwambie achague rangi anayoipenda kuliko zote, apige mstari chini yake.